Nataka salamu za marehemu baba zianze kabla ya menyu kwenye DVD ya harusi, nifanyeje?

Kijana_wa_Sahare

Wakuu, heshima kwenu. Nina swali la DVD. Najua siku hizi ni fleshi na simu, lakini nisikilizeni kwanza.

Mdogo wangu wa kike kaolewa mwezi uliopita hapa Tanga. Mpiga video katuletea mafaili matatu: nikahi, ukumbini, na kumtoa bibi harusi. Jumla saa 1 na dakika 50. Wazee wetu wanataka "mkanda". Kwao mkanda ni kitu unachokishika, kina kava lenye picha ya maharusi, kinaingia kwenye deki, na mgeni akija unamwekea atake asitake. Nimehesabu wanaodai: mama, shangazi wa Pangani, bibi wa Muheza, baba wadogo wawili, shangazi mkubwa aliye Muscat, na wengineo. Diski 14.

Kazi nimeifanya mwenyewe kwa DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, maana ni ya bure na laptopu yangu ya zamani inaiweza. Menyu iko safi: nyuma picha ya mkono wa bibi harusi wenye hina, mbele vitufe vitatu. Nilikuwa nimeshamaliza.

Sasa, wakati natafuta picha za kuweka kwenye kava, nikafungua sanduku la baba juu ya kabati. Nikakuta kanda ya VHS, imeandikwa kwa mkono wake: SALAMU MUSCAT 1999. Nikaazima deki ya kanda kwa jirani na kile kifaa cha nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, kinachoingia kwenye USB. Ni baba, amekaa barazani kwenye kitanda cha kamba, kavaa kofia yake ya kiua, anamsalimia dada yake. Anaongea sekunde 52. Halafu anamgeukia anayeshika kamera anasema, "Zima, zima, betri hiyo." Basi.

Mama anasema kanda ile haikufika. Aliyekuwa aibebe aliondoka siku mbili kabla ya alivyosema. Ikawekwa sandukuni isubiri msafiri mwingine, na hivyo ikakaa. Baba amefariki 2008.

Ninachotaka ni hiki: mtu akiweka diski, kabla ya menyu, baba aseme maneno yake yale. Akimaliza, menyu ifunguke yenyewe. Nimejaribu njia mbili.

Ya kwanza, nilimweka baba kama picha ya nyuma ya menyu. Akawa anaongea, akimaliza anaanza upya, bila mwisho, na kitufe cha "Nikahi" kimemkaa kwenye paji la uso.

Ya pili, nilimweka awe video ya kwanza kwenye orodha pale chini, kabla ya nikahi. Nikidhani ya kwanza ndiyo itaanza. Wapi! Diski inafungukia menyu vilevile. Na nilipomfungua kwa mkono nione anavyoonekana, baba kanenepa. Kichwa kimepanuka kama tikiti. Mama alikuwa anapita nyuma yangu na sinia la mchele, akasimama, akauliza, "Huyo nani? Babako hakuwa na mashavu hayo."

Nisaidieni.

---

Fundi_Mikanda

Pole na hongera kwa pamoja, mdogo wangu. Nimerekodi harusi Dar tangu enzi za kamera za begani, na hizo kanda za salamu za kupeleka Uarabuni nimezihamisha nyingi kwenda kwenye diski. Mambo yako ni mawili, usiyachanganye.

La kwanza, kwa nini menyu inatangulia. Deki ikimeza diski haiangalii orodha yako ya video. Inakwenda kwenye faili dogo linaloitwa VIDEO_TS.IFO na kutafuta amri ya kwanza kabisa: nianzie wapi? Wewe hukuandika kitu hapo, na ukiacha patupu programu inajiandikia yenyewe, "nenda kwenye menyu." Kwa hiyo hata ukimweka baba wa kwanza kwenye orodha mara mia, deki haina habari.

Fungua sehemu ya DVD juu, kisha Options. Kuna kisanduku kinaitwa First Play Commands. Humo ndimo utakapoandika amri. Lakini subiri, usiandike bado, kwa sababu ya jambo la pili.

La pili, unene wa mzee. Video ya DVD kwa mfumo wetu wa TV, yaani PAL, ni nukta (pikseli) 720 kwa 576, iwe ya TV pana au TV ya chogo. Nukta ni zilezile. Kinachotofautiana ni alama moja tu inayoiambia deki, "hii itanue iwe 16:9" au "hii iache 4:3." Sasa, video zote zilizo ndani ya seti moja zinashirikiana alama hiyo. Harusi yako imepigwa kwa kamera ya kisasa, ni 16:9. Kanda ya 1999 ni 4:3. Umemtia baba kwenye seti ya harusi, akavutwa na harusi. Siyo kosa lake.

Dawa: ongeza seti ya pili. Pale pale kwenye DVD, chagua Add, halafu Titleset. Mhamishie baba huko peke yake na useme seti hiyo ni 4:3. Harusi ibaki seti ya kwanza.

Sasa rudi kwenye kile kisanduku, andika:

jump titleset 2 title 1;

Yaani, ruka kwenye seti ya 2, video ya 1. Nukta-mkato mwishoni usiisahau. Kisha bofya mara mbili video ya baba, tafuta sehemu ya Post Commands, ambayo ni amri za kufuata video ikiisha. Huko andika:

call vmgm menu 1;

Hapa vijana wengi wanakwama. Wanaandika jump kote, programu inawakatalia mwishoni wakati wameshasubiri saa nzima video zigeuzwe. Kutoka menyu kwenda kwenye video, unaruka. Kutoka kwenye video kwenda menyu, unaita. Deki ikiitwa kwenda menyu inakumbuka ilikoacha, ndiyo maana ukiwa katikati ya filamu ukibonyeza Menu kwenye rimoti unaweza kurudi palepale. Ukiruka, kumbukumbu hiyo haipo, na sheria za DVD haziruhusu.

Na usijaribu kutoka kwa baba kwenda moja kwa moja kwenye nikahi. Seti moja haivuki kwenda seti nyingine bila kupitia menyu. Lakini wewe menyu ndiyo unayoitaka, kwa hiyo umesalimika.

Kabla hujachoma diski hata moja, itengeneze kwanza kama folda au ISO, yaani faili moja lenye diski nzima, uifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta. Ikianza na baba, ikaenda menyu, vitufe vikafanya kazi, ndipo uchome.

---

Mla_Bando

Kaka, mwaka huu bado mnachoma DVD? Pandisha YouTube, funga iwe ya familia tu, tuma linki kwenye grupu la ukoo. Dakika tano umemaliza.

---

Kijana_wa_Sahare

@Mla_Bando shangazi wa Pangani ana simu ya kitochi na deki ambayo ameifunika kitambaa alichofuma mwenyewe. Nimpelekee linki aichome kwenye nini?

@Fundi_Mikanda Mungu akubariki. Nimefanya hivyo usiku huu na kwenye VLC imekubali! Baba anaongea, anasema "betri hiyo", giza kidogo, menyu. Kichwa kimerudi kuwa chake. Nilikaa nikairudia mara sita.

Nina maswali mawili madogo. Kuna mstari unaotetemeka chini kabisa ya picha ya baba, kama uzi uliochanika. Na sauti yake iko chini sana, halafu menyu inaingia na tarabu kwa nguvu, inashtua.

---

Mzee_wa_Nyaya

Niko Mwanza, nami kazi yangu hiyo hiyo, ila natumia Adobe Encore CS6. Ya zamani, ya 2012, na baada ya hapo hawakutoa nyingine, lakini ninayo kwenye kompyuta ambayo siiunganishi na intaneti hata kwa bahati mbaya. Kwa wenye Encore, hakuna kuandika amri. Unabofya video ya utangulizi kwa kitufe cha kulia, unachagua Set as First Play, halafu kwenye End Action unaichagulia menyu. Imeisha.

Kuhusu mstari wa chini, huo ni wa kila kanda ya VHS. Vichwa vya deki vinapokezana kusoma mkanda na hapo ndipo vinapokezania. Zamani hatukuuona kwa sababu TV za chogo zilikuwa zinakata kingo za picha. TV bapa zinaonyesha kila kitu, hata aibu. Funika kwa ukanda mweusi mwembamba, kama nukta 8 mpaka 12 hivi chini. Usiikuze picha ili kuuficha, utamkata baba kofia.

Sauti: ipandishe kwenye programu yoyote ya sauti, Audacity inatosha, kisha tarabu ya menyu uishushe na uiingize taratibu. Hakikisha sauti zote ni 48 kHz. Ukichukua wimbo kwenye CD utakuwa 44.1, na DVD haikubali, lazima ugeuzwe.

Ila namkosoa Fundi kidogo. Seti ya pili ni usumbufu wa bure. Ungeweka tu weusi kushoto na kulia kwa baba, ukamtia humohumo kwenye 16:9. Baba anabaki na nukta 540 za upana kati ya 720. Na VHS yenyewe ina mistari kama 240 tu ya upana, kwa hiyo hujapoteza kitu ambacho jicho lingekiona.

---

Fundi_Mikanda

Mzee wa Nyaya, hesabu yako sawa, lakini umewasahau wateja. Hao wazee wana TV gani? Ukiwa na TV ya chogo, deki inaibana ile 16:9 iingie, inaweka weusi juu na chini. Na wewe umeshaweka weusi kushoto na kulia. Basi baba anakuwa kidirisha katikati ya TV, giza pande zote nne, kama picha ya kitambulisho. Kwenye seti yake ya 4:3 anaijaza TV ya chogo yote, kama alivyorekodiwa.

---

Mzee_wa_Nyaya

Hapo umenipata. Nakubali, kwa TV za chogo seti mbili.

---

Binti_Kibokoni

Mimi si fundi, ni mtazamaji tu, wa Mombasa. Nami nina neno.

Kakangu alipooa, tulipewa DVD na studio moja mjini. Ukiitia, yaanza na nembo yao ikizunguka na cheche, nambari za simu, maharusi wengine tusiowajua, mpaka dakika tatu. Ukibonyeza kuruka, kile kialama cha mkono chatokea, chakukatalia. Kila siku, kila ukitia. Mwishowe mamangu alikuwa akitia diski kisha aenda jikoni kuepua sufuria, arudi menyu imefika. Kwa hivyo la kwanza nakuomba: usimfunge mtu. Mwache anayetaka kuruka aruke.

La pili ni hili, na uniwie radhi ikiwa naingilia. Kitu kilicho kabla ya menyu hakiombi ruhusa. Menyu wachagua. Lakini hicho chaja tu. Wewe umekaa na kanda ile siku nzima, umemsikia babako mara sita, umezoea. Shangazi yako wa Muscat atamsikia kwa mara ya kwanza tangu afe, wageni wako sebuleni, kahawa mkononi. Na mamako je? Mamako ndiye atakayeitia diski hiyo mara nyingi kushinda wote, kwa kila jirani ajaye kumuuliza za harusi. Kila mara, mumewe aanza kusema kabla hajakaa.

Huenda ndivyo atakavyo. Sijui, simjui. Lakini je, umemuuliza?

---

Kijana_wa_Sahare

Dada, sijamuuliza. Yeye alipita tu na sinia, akasema habari za mashavu, akaendelea na mchele wake. Hakurudi kutazama. Sasa ulivyosema hivyo ndiyo nakumbuka hakurudi.

Shangazi wa Muscat lazima aanze na baba, hilo silibadilishi. Salamu ni zake, zimechelewa tu.

Fundi, je, inawezekana nakala ya mama iwe tofauti? Yaani baba awemo, lakini asianze mwenyewe?

---

Fundi_Mikanda

Ni kazi ya dakika mbili. Hifadhi mradi wako kwa jina jingine. Kwenye huo mpya, futa ule mstari wa First Play Commands, pabaki patupu kama mwanzo. Halafu kwenye menyu ongeza kitufe cha nne, kipe amri ileile, jump titleset 2 title 1. Na mwisho wa video usiuguse, bado utamrudisha kwenye menyu. Mama akitaka, atabonyeza. Asipotaka, menyu na hina zake.

Mimi ningekiweka kitufe hicho pembeni chini, kidogo, siyo katika msururu wa vile vitatu. Akienda Nikahi asipite juu yake kwa rimoti.

Na kwa kuwa unachoma nyingi: chukua DVD-R za kawaida, kasi iwe ndogo, 4x ukipewa nafasi. Deki za zamani lenzi zake zimechoka, diski iliyochomwa haraka zinaihangaikia. Kwa saa 1 na dakika 50, video uiweke kwenye megabiti 5 kwa sekunde, itaingia kwenye GB 4.7 na nafasi kidogo itabaki. Usijaze mpaka ukingoni, huko ndiko diski za bei rahisi zinakofia. Na usibandike karatasi juu ya diski! Gundi ikianza kuachia upande mmoja, diski inazunguka kama gurudumu lenye kokoto. Andika kwa kalamu ya wino laini, basi.

---

Mtoro_wa_Baridi

Nawasalimu kutoka Minneapolis. Kama kuna nakala inayokuja Marekani au Kanada, kumbuka deki za huku ni za NTSC, 720 kwa 480, na nyingi PAL haziisomi, au zinaisoma picha inaruka. Oman mko sawa, wao ni PAL kama Tanzania. Kwa ndugu wa huku mpelekee hiyo hiyo, aifungue kwa kompyuta na VLC. Usihangaike kutengeneza nyingine.

Mimi mwenyewe nina kanda ya baba yangu, sijathubutu kuitia kwenye deki. Nimesoma uzi huu wote kama riwaya.

---

Binti_Kibokoni

Mtoro, usiicheleweshe sana, kanda hula ukungu. Ikiwa huwezi kuitazama, mpe mtu akuhamishie bila wewe kuwepo. Uwe nayo tu.

---

Kijana_wa_Sahare

Wakuu, narudi na matokeo, na nimefanya uzembe.

Nilichoma diski 13 zinazoanza na baba, na 1 ya mama yenye kitufe pembeni. Kitufe nimekiandika "Salamu" tu. Nilifuata kila kitu: kasi 4x, DVD-R, ukanda mweusi wa nukta 10 chini, sauti ya baba nimeipandisha mpaka kikohozi cha jirani kinasikika. Nikajaribu kwenye deki tatu mtaani. Ya kwanza iliisoma bila shida. Ya pili ilitafakari karibu dakika nzima kisha ikakubali. Ya tatu ilikataa, lakini hiyo mwenyewe aliniambia inakataa kila kitu tangu Ramadhani.

Nikaziandika majina kwa kalamu, nikaziacha mezani zikauke, nikaenda kuchukua makava yaliyochapishwa. Kumbe mpwa wangu wa miaka tisa akaona anisaidie, akazitia zote ndani ya makava. Makava nayo yalikuwa na majina. Sikufungua kuhakiki. Nikagawa.

Juzi shangazi wa Pangani kanipigia kwa simu nzuri ya jirani yake. "Hiyo salamu ya kaka mliyoisifia mbona siioni? Mimi kwangu naona mikono tu." Nikamuuliza maandishi kwenye diski yenyewe yanasemaje. Akamwita mjukuu amsomee. MAMA.

Nikajua basi. Ya Pangani iko kwa mama.

Nilikuwa kazini, nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani mbio na bodaboda, kichwani natunga maneno ya kuomba radhi. Nimefika, mama yuko sebuleni na jirani zetu wawili, wako ukumbini kwenye keki. Nikakaa. Wageni walipoondoka nikamwambia mama, kulikuwa na makosa, diski yako imekwenda Pangani, hii nitaibadilisha, yako haianzi na baba.

Akaniambia aliiona. Mara ya kwanza ilimkuta anafunga dirisha, yuko peke yake, deki nyuma ya mgongo wake. Akadhani redio. Alipogeuka baba kafika kwenye "zima, zima."

Nikamuuliza, nikubadilishie?

Kasema shangazi abaki na hiyo hiyo, nimuelekeze tu kitufe. Halafu akaniuliza kama inawezekana kukata pale mwisho, pa betri, ili menyu isije haraka. Nikamwambia nikikata pale menyu itakuja haraka zaidi. Akafikiri. "Basi mwache aseme."

Ya Muscat imeondoka na msafiri Jumamosi. Safari hii nilimsindikiza mpaka kwenye basi la Dar nikaona linaondoka.

@Mzee_wa_Nyaya swali langu la mwisho: nikitaka baada ya "betri hiyo" ibaki giza sekunde tano kabla ya menyu, naongeza giza ndani ya video yenyewe au kuna amri?

---

Mzee_wa_Nyaya

Kuna sehemu ya Pause kwenye sifa za video, lakini hiyo inagandisha picha ya mwisho, na deki nyingine zinaigandisha zinavyotaka zenyewe. Ongeza giza ndani ya video. Sekunde tano nyeusi, sauti kimya, lakini njia ya sauti iwepo, usiiache tupu. Hapo deki zote zitasubiri sawasawa.

---

Kijana_wa_Sahare

Nimeipata. Naichoma usiku huu, moja tu.